Jina la Nyuma Kabisa

Pale mpakani Busia, ukitoka geti la Uganda ukaingia Kenya kwa miguu, ukayapita malori yaliyojipanga kama ng'ombe wanaosubiri josho, utakuta mkono wa kushoto benchi lililoundwa kwa mbao za lori lililokufa zamani. Limelegea katikati kwa kubeba makalio na hoja. Mbele yake Mable ameweka jiko la makaa na birika la kahawa ya tangawizi. Pembeni, chini ya turubai la bluu, Maloba anatengeneza baiskeli, pamoja na zile za magurudumu matatu ambazo wafanyabiashara wenye ulemavu hupitishia mizigo mpakani. Hapo hakuna mwenyekiti wala ajenda. Sharti ni moja: ukikaa uwe na la kusema, na ukilisema ulitetee mpaka kikombe kikauke. Anayetaka utulivu, kanisa haliko mbali.

Maloba kijiweni wanamwita Spoku, kama ule waya wa gurudumu, kwa sababu ni mwembamba, amenyooka, na ukimshika vibaya anakuchoma. Ni fundi ambaye akikuambia tairi limekufa, basi limekufa, kalichimbie kaburi. Hajawahi kumpa mteja tyubu yenye kiraka akaiita mpya, na mafundi wenzake waliojaribu hivyo aliwatukana mbele ya wateja wao wenyewe. Alhamisi hiyo, saa tano na nusu asubuhi, alikuwa amelishika gurudumu mapajani akilinyoosha, simu yake ikalia mlio wa ujumbe.

Simu hiyo ilikuwa na kilema. Ilitumbukia siku moja kwenye karai la maji ya kutafutia pancha, na tangu hapo sikio lake likafa, ikabaki spika tu. Habari za Maloba zote, hata za mkewe Taaka kumwambia alete chumvi, zilisikilizwa na benchi zima. Alipoona ni sauti ya Allan, mwanawe aliye Ujerumani, akafuta mikono kwenye suruali akabonyeza bila kufikiri.

"Baba, habari ya asubuhi. Kate na mtoto ni wazima, wametoka hospitali. Baba, leo ndiyo siku ya kumwandikisha. Ofisi inafungwa saa sita ya huku, saa saba yenu. Sasa sikia. Huku wanataka tufanane nao. Nimekaa darasani miezi sita nikifundishwa namna ya kuishi, hata kutupa takataka kuna mtihani. Kazini wananiambia mpe mtoto jina la huku, asisumbuke shuleni. Mimi nimekataa. Ukoo ni Maloba, hilo lipo. Lakini nataka na jina la nyuma kabisa, nyuma ya babu Maloba, nyuma ya wote. Jina la mtu wetu wa kwanza unayemjua. Mtoto akiulizwa ametoka wapi, ajibu kwa jina lake. Nangoja, Baba."

Benchi lilipiga makofi. Okwi, ambaye huitwa Kastamu kwa kuwa hakuna habari inayovuka mpaka bila kupita kwake, alisimama kabisa. Ni Mteso wa Buteba, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

— Kijana huyo ana akili! Huyo amelelewa! Spoku, hebu mpe jina, tunywe kahawa.

Maloba alilirudisha gurudumu mapajani, akaanza kukaza spoku ambayo haikuwa imelegea. Kwa sababu nyuma ya babu Maloba, kwa upande wake yeye, hapakuwa na Maloba mwingine. Palikuwa na njia ya miguu, usiku wa mvua, na mtoto wa miaka kumi na saba aliyevuka kutoka upande wa Tororo, Uganda, akiitwa kwa jina la baba mwingine. Hilo alilijua yeye na Taaka, basi. Allan hakulijua. Benchi hili halikulijua, alivyoamini. Miaka thelathini na zaidi alikuwa amewasema watu wote kwa unyoofu, isipokuwa nafsi yake.

— Mwambieni aandike jina la Kijerumani, akasema ghafla.

— Nini? Okwi akakaa tena, kama aliyesukumwa.

— La Kijerumani. Hans, sijui nani, wanayo mengi. Mtu akienda kwa watu anakuwa kama watu. Aliyekuja ndiye anayebadilika, si mwenye mji. Maneno yaishe, nina kazi.

Ebong akacheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Ebong ni Mlango, yaani mtu wa kabila la Lango, kutoka Lira; aliendesha malori ya masafa marefu miaka ishirini, ndiyo maana wanamwita Transiti: kila mahali amepita, hakuna alipofika.

— Hapo nakuunga mkono, Spoku. Mimi nimeishi Goma miaka miwili. Wanaume wa kule walikuwa wanavaa suruali mpaka hapa — akaonyesha kifuani. Na mimi nikavuta suruali mpaka hapa. Nilikuwa napumua kwa shida, lakini hakuna mtu aliniita mgeni. Nikaenda Juba, nikajifunza kukaa kimya kama watu wa Juba. Nikarudi, suruali ikashuka yenyewe. Hiyo ndiyo kuishi.

— Wewe ulibadilika kila mahali, Mable akasema bila kugeuka, mpaka mke yako alipokuja kukutafuta mpaka ule wa Malaba alikupita mara mbili.

— Alinipita kwa sababu alikuwa na hasira.

— Alikupita kwa sababu ya ile suruali.

Okwi akainua mkono. Okwi akiinua mkono ujue nadharia inashuka.

— Ngojeni niwafundishe. Sisi watu ya Teso tulishamaliza hii kesi zamani, kwa chungu ya ajono. Pombe ni moja, chungu ni moja, lakini mrija kila mtu ana wake. Mgeni akija anakaribishwa kwa chungu. Anakunywa ile tunakunywa, anashika mrija na mkono wa kulia kama sisi, hapulizi ndani. Lakini hakuna mtu anamwambia atupe mrija yake. Ujerumani ndiyo chungu. Jina ndiyo mrija. Nimemaliza.

— Na kama mrija wake ni mfupi haufiki? Ebong akauliza.

— Anasogeza kiti.

— Na kama hakuna nafasi ya kusogeza kiti?

— Transiti, wewe hujawahi kukaribishwa kwa chungu, ndiyo shida yako. Ulikuwa unakunywa ukisimama.

Maloba alitaka kunyamaza ikamshinda. Hasira yake ilikuwa kama jiko la Mable, ukilipuliza kidogo linashika.

— Ninyi mnaongea mirija, mtoto wa watu ana siku tano hajaitwa! Okwi, kama utamaduni ni kitu kizuri hivyo, mbona hapa ulipo umevaa fulana ya timu ya Uingereza?

— Hii ni zawadi.

— Na imeandikwa jina la nani mgongoni?

Okwi akajigeuza kujitazama mgongo, akashindwa. Benchi likaangua kicheko, na Maloba akapata nafuu kidogo, kama mtu aliyesogeza mzigo kutoka bega moja kwenda jingine. Saa ya simu ilionyesha saa sita kasoro kumi.

Wakati huo Provia akawa anavuka barabara kuja kuchukua kahawa yake. Provia ni Mukiga wa Kabale. Ana miezi mitatu hapo, anauza viazi vya kwao ng'ambo ya barabara, na ndiye mgeni aliyesababisha kesi kubwa kuliko zote kijiweni mwaka huu. Kwao watu wakisalimiana wanakumbatiana, kifua kwa kifua, huku wakiulizana habari za nyumbani polepole. Basi alipofika, kila asubuhi alilikumbatia benchi zima, mmoja mmoja, bila ubaya wowote moyoni. Siku hizo Okwi alikuwa akija kijiweni mara tatu kwa siku, na kila mara akifika kama mtu aliyetoka safari ndefu. Kesi iliisha mke wa Okwi alipokuja mwenyewe, akakaa benchini kimya, akangoja salamu. Tangu siku hiyo Provia hutoa mkono.

— Huyu hapa ushahidi! Okwi akasema. Provia, keti. Tunabishana kama mgeni aache mambo ya kwao. Mimi nasema asiache. Mimi niko upande yako kabisa.

— Tunajua upande wako, Kastamu, akasema Ebong. Hata mke wako anajua.

Provia akashika kikombe kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa bado kinatafuta miguu.

— Mimi nimeacha kukumbatia. Lakini nyumbani, mtoto yangu tunakumbatia. Hapa mkono, kule ndani kifua. Sioni tabu. Tabu ni nyongeza tu.

— Nyongeza gani?

— Kwetu mafungu ni mafungu. Hapa unapanga viazi, mtu analipa, halafu anasema ongeza. Mimi nikakataa, wakasema mchoyo. Sasa napunguza moja kwanza, halafu naongeza hiyo moja. Wote wanafurahi.

Mable akapiga paja.

— Huyo sasa ni mtu wa hapa! Mpeni kitambulisho!

Maloba naye alicheka, lakini kicheko kilimkatikia njiani. Alikuwa anafikiri jinsi mwanamke huyu mwenye miezi mitatu alivyosema wazi, mbele ya wateja wake watarajiwa, hila yake yote na kilichobaki nyumbani kwake, wala mbingu haikuanguka.

Okwi hakuwa amemaliza. Nadharia zake zikianza kupanda huwa hazina breki.

— Sasa sikilizeni jambo la jina. Kwetu mtoto hapewi jina ovyo. Bibi anachovya kidole kwa ajono, anaweka kwa mdomo ya mtoto, anataja jina. Mtoto akinyonya, amekubali. Akitema, jina limekataliwa, unataja lingine.

— Na huko Ujerumani ajono watatoa wapi?

— Mable! Ujerumani si ndiko kwenyewe kwa bia? Wanachovya kwa bia. Bia ni ajono iliyosoma.

— Na bibi yuko hapa Busia. Kidole kitapita kwa simu?

— Video! Taaka anachovya hapa, Kate anachovya kule, vidole viwili, jina moja. Nani atapinga?

— Mtoto wa siku tano apewe bia? Ebong akatikisa kichwa. Kesho askari wa Ujerumani watakuwa mlangoni. Mimi nasema hivi, jambo la kisayansi. Mtu ni chakula. Kula chakula ya nchi miaka saba, damu inageuka. Allan ana miaka sita huko. Mwaka ujao atakuwa Mjerumani hata mkifanya nini. Pua itaanza kuchongoka, kwa sababu ya baridi, hewa inaingia kwa shida. Kwa hiyo jina halina maana, ni pua tu.

— Ukikaa Kenya je, pua inakuwaje? Mable akauliza.

— Kenya pua haibadiliki. Mdomo ndio unakuwa mrefu.

— Wewe ulikuja nao!

— Mable alisema mtoto apewe jina fupi tu, Okwi akadakia, maana hospitalini nesi akiita—

— Mimi kuhusu jina sijasema kitu bado, Mable akamkata. Lakini nasema sasa. Spoku, wewe nakuangalia. Tangu hii simu ilie, hiyo gurudumu umeikaza mpaka imekuwa yai. Mtoto ameuliza jina. Si pesa, si kiwanja. Jina. Wewe ni Msamia wa Funyula, watu yenu mnajua majina ya mababu mpaka kule kwa wa kwanza. Unaogopa nini?

Maloba akatazama gurudumu. Kweli lilikuwa yai. Miaka yote ya ufundi hajawahi kuharibu rimu ya mtu.

— Siogopi kitu, akasema. Sawa. Jina lipo. Egesa.

Akachukua simu, akabonyeza, akaileta mdomoni.

— Allan, mwanangu. Andika Egesa. Huyo ndiye baba yake babu yako Maloba. Egesa alikuwa mtu mrefu, mkulima—

Akatulia. Egesa kweli alikuwa baba yake mzee Maloba. Hilo halikuwa uongo. Lakini alilisikia likitoka mdomoni mwake kwa sauti anayoijua, sauti ya fundi anayesema tyubu ni mpya huku kidole chake kimefunika kiraka. Mzee mwenyewe ndiye aliyemsimulia habari za huyo Egesa, jioni, wakipukuchua mahindi. Yeye hakuwahi hata kuliona kaburi lake.

Akavuta ujumbe pembeni, ukafutika kabla haujatumwa.

— Imekuwaje? akauliza Okwi. Egesa ni jina zuri. Hata kwa Kijerumani linakaa.

— Mimi si Msamia, akasema Maloba.

Makaa yalitoa cheche. Lori moja lilisogea hatua tatu, likasimama. Maloba alikuwa amelijaribu neno hilo moyoni mara nyingi, na kila mara aliliona likiangusha kitu: benchi, turubai, kazi, heshima. Akangoja kishindo.

— Endelea, akasema Okwi, kwa sauti ya mtu anayesomewa gazeti la jana.

— Mimi ni Japadhola. Nimezaliwa nyuma ya ule mwamba wa Tororo. Baba yangu anaitwa Obbo. Alikuwa anaitwa Obbo.

— Ehe, akasema Ebong.

— Ehe nini? Mmesikia nilichosema?

— Tumesikia. Ulitaka tuanguke kwa benchi?

Maloba akasimama, gurudumu likamdondoka, likaviringika likiyumbayumba mpaka miguuni kwa Provia.

— Mlijua?

— Spoku, ndugu yangu, Ebong akasema, safari hii bila mzaha mwingi. Wewe ukihesabu spoku, midomo yako inatembea. Achiel, ario, adek. Mimi ni Mlango. Nasikia hesabu yangu mwenyewe, ila imepotea njia kidogo. Siku ya kwanza nilifikiri unanisengenya.

— Mimi nilijua kabla ya Transiti, Okwi akasema haraka, maana hapendi kuwa wa pili kwa habari. Mwamba wa Tororo ukionekana asubuhi, baada ya mvua, wewe unahamisha kiti uupe mgongo. Msamia wa Funyula mwamba umemkosea nini?

— Na mimi Taaka aliniambia, akasema Mable. Mwaka gani? Mwaka ule wa mafua ya kuku.

— Taaka!

— Usimkasirikie. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kwamba mume yake analia akiota na yeye hajui amuulize kwa lugha gani.

Hasira ya Maloba haikujua ielekee wapi. Ilizunguka benchi zima, ikarudi kwake.

— Kwa hiyo miaka yote hii mmeniacha nijifiche peke yangu?

— Ulikuwa unajificha vizuri, akasema Okwi. Hatukutaka kukuharibia.

Hapo hata Provia alicheka, akafunika mdomo kwa leso. Na Maloba, ambaye alikuwa ameshafungua kinywa kutukana, aliona matusi yote hayatoshi, akakaa chini. Akawaambia. Hakurefusha. Ulikuwa mwaka wa themanini na saba, vita vimeshika upande wao, baba akamwambia vuka, mimi nabaki na ng'ombe. Akavuka. Upande huu nao ulikuwa mkali kwa watu wa kule, kulikuwa na msako, mlango kwa mlango. Mzee Maloba, yule wa kupukuchua mahindi, ambaye mwanawe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, alimkuta ghalani. Askari walipouliza huyu ni nani, mzee hakumeza mate. Akasema, huyu ni Maloba, mwanangu.

— Nikawa mwanawe, akasema. Nilimlimia. Nikajifunza Kisamia mpaka nikatania nacho. Nikaendesha boda za baiskeli, geti kwa geti, kabla pikipiki hazijaja kutunyang'anya. Alipokufa nilimzika kama baba, na watu wake hawakunihoji, walinipa jembe. Sasa niambieni ninyi wenye nadharia. Huyo nimfute? Nimwambie Allan kwamba babu aliyembeba mgongoni si babu?

— Nani amesema ufute? akauliza Mable.

— Na yule mwingine? Ebong akauliza polepole. Wa nyuma ya mwamba?

— Alikufa miaka miwili baada ya mimi kuvuka. Nilipata habari sokoni, kwa mwanamke muuza mtama aliyenitambua kwa meno. Alishazikwa miezi minne. Sikumtupia udongo.

Okwi alitazama fulana yake. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini, na jua lilikuwa limeusogeza mstari wa kivuli cha turubai mpaka kwenye vidole vya miguu yao.

Provia ndiye aliyesema, kwa kile Kiswahili chake cha kuchagua hatua.

— Mimi ni mgeni, sikujua. Huyu alijua, huyu alijua, mke yako anajua. Allan je?

— Allan hajui.

— Benchi inajua, mtoto hajui?

— Nilikuwa nangoja akue, akasema Maloba. Akakua. Nikangoja aoe. Halafu akaenda huko.

Okwi akapata nguvu tena. Hakuna kimya kinachomdumu.

— Basi nina njia. Majina yote mawili. Egesa Obbo Maloba. Au moja la wakati wa baridi, moja la wakati wa joto, maana wale watu hata saa yao wanaibadilisha mara mbili kwa mwaka—

— Kastamu, Mable akasema, nyamaza unywe.

Okwi akanyamaza akanywa. Mable akainamisha birika kumwongezea Maloba, likatoa tone, kisha tangawizi, kisha hewa.

Maloba akachukua simu. Safari hii hakusafisha mikono. Akabonyeza, na alipoanza kusema hakuwa na sauti ya fundi wala ya mzee wa kijiwe.

— Allan. Wewe ndiye uliyenishinda. Mimi nilikuja kwa watu nikawa kama watu, nikadhani ndiyo njia peke yake, kwa sababu wakati wangu hapakuwa na nyingine. Wewe wanakuambia ubadilike, unasema ngoja kwanza nimuulize baba. Sasa andika. Maloba libaki, usiliguse, hilo lilinunuliwa kwa ujasiri wa mtu. Lakini umesema unataka la nyuma kabisa. La nyuma kabisa ni Obbo. O, b, b, o. Andika b mbili, wasile moja.

Akatuma. Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu papo hapo. Kule mbali mtu alikuwa ameishika simu mkononi muda wote huo, akingoja.

Benchi likapumua. Ebong akampiga Maloba bega. Okwi akaanza kueleza jinsi Wajerumani watakavyolitamka, akilizungusha jina hilo kinywani kama pipi, Obo, Oppo, na Provia akaokota lile gurudumu bovu akaliegemeza vizuri ukutani. Maloba akajihisi mwepesi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja la herufi nne.

Simu ikalia. Akabonyeza akitabasamu, na spika ikatoa sauti ya Allan, ya upole, iliyochanganyikiwa kidogo, nyuma yake mtoto mchanga akilia.

"Nimeandika, Baba. Asante. Lakini Obbo ni nani?"

Basi. Ujumbe ulikuwa na sekunde tano.

Maloba akawatazama wenzake. Hapa palikuwa na watu wenye majibu ya kila kitu, wa chungu na mirija, wa pua na damu, mtu aliyefika Goma na Juba. Ebong aliangalia malori. Mable alikuwa anachochea makaa ya birika tupu. Okwi alifungua kinywa, akakifunga, na hilo watu wa Busia watalisimulia.

Maloba akaigeuza simu mkononi. Akaileta mdomoni, akaishusha, akaileta tena. Kidole chake kikabonyeza, namba za sekunde zikaanza kukimbia, moja, mbili, tatu. Nne. Tano. Akakohoa.

— Allan, akasema. Hapo ulipo kuna kiti? Keti kwanza, baba.